Mkaguzi wa jiji au mhandisi wa kukodi?

Unajenga Dodoma, nani akukagulie ujenzi? Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, nyumba zinachipuka kata za Iyumbu na Nala kuliko wakaguzi. Kwa gharama, wa jiji ni nafuu. Wa kukodi mnapatana bei.

Kwa kuwahi, wa kukodi anashinda. Zege la nguzo likishamwagwa, nani ataona ringi, vile vyuma vinavyozunguka nondo, zilifungwa kwa kuachana mno? Mkaguzi anatakiwa afike nondo zikiwa wazi, na fundi hasubiri foleni ya ofisi. Ila mhandisi akilipwa na mwenye nyumba, kusema "bomoa" kunamwia vigumu. Na ile X nyekundu ukutani, alama ya kubomoa, bado ni ya jiji.

Kibanda cha vyumba viwili? Subiri wa jiji. Ghorofa? Kodi mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wa jiji mwite vilevile.