Kikinga jua cha ziada chenye mabamba mawili: bamba la mchana ninalitumia kila siku, la usiku nimeling'oa

Ninaishi Kibaha na kazi yangu iko katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Anayeijua Barabara ya Morogoro ataelewa mara moja maana ya jambo hilo: asubuhi ninaelekea mashariki, jioni ninarudi magharibi, na safari zote mbili jua liko mbele ya uso wangu. Kikinga jua kilichokuja na gari, gari la kawaida lililotumika Japani kabla ya kuletwa hapa, kinaziba sehemu ya juu tu ya kioo. Nikikishusha mpaka mwisho, jua la saa kumi na mbili na nusu linapita chini yake. Nikijiinamisha nilikwepe, nazikosa taa za barabarani. Kwa sababu hiyo nilinunua kikinga cha ziada, kile chenye mabamba mawili ya plastiki kinachobanwa juu ya kikinga cha gari, na tathmini hii inatokana na miezi minane ya kukitumia kila siku ya kazi, pamoja na safari kadhaa za usiku kwenda Chalinze na Morogoro.

Nilikinunua Kariakoo, katika duka la vifaa vya magari, kwa shilingi 25,000 baada ya kupatana. Bamba la kwanza ni la rangi ya moshi, kwa ajili ya mchana. La pili ni la njano, na boksi linasema ni kwa ajili ya kupunguza mwanga wa taa za magari yanayokuja usiku. Kila bamba lina bawaba yake, hivyo unaweza kushusha moja na kuliacha jingine limekunjwa juu. Vibanio viwili vyenye springi na povu laini ndani vinashika kikinga cha gari, na kuvifunga hakukuhitaji bisibisi wala fundi. Muuzaji alinisisitizia bamba la njano kuliko lile jingine. "Mzee wangu," aliniambia, "hili la njano ndilo linalouza, maana taa za siku hizi zinaua macho." Kuhusu taa alisema kweli. Kuhusu bamba nitaeleza.

Nianze na la mchana, kwa kuwa hapo ndipo kifaa hiki kinapostahili sifa. Sehemu zetu hizi zilizo karibu na ikweta jua halikawii: linapanda na kushuka karibu wima, kwa kadiri ya nyuzi 15 kila saa, na kwa hiyo muda ambao jua liko chini kiasi cha kuingia machoni mwa dereva ni kama dakika sitini asubuhi na dakika sitini jioni. Bahati mbaya ni kwamba saa hizo hizo ndizo za kwenda na kutoka kazini. Ndani ya saa hiyo, bamba la rangi ya moshi linafanya jambo ambalo kikinga cha gari hakiwezi: linashuka mpaka usawa wa macho bila kukuondolea barabara. Ninaliona jua kama duara lililofifia, na chini yake ninaiona daladala iliyo mbele, taa zake za breki, bodaboda anayejipenyeza ubavuni na mama anayesubiri kuvuka na ndoo yake kichwani. Katika taa za Magomeni, ambako asubuhi jua hukaa karibu na taa zenyewe, sasa ninatofautisha nyekundu na kijani bila kuweka kiganja juu ya paji la uso.

Wapo watakaosema kwamba miwani ya jua inatosha. Mimi ninavaa miwani ya kuonea mbali, na kubeba miwani mingine ya giza iliyopimwa ni gharama ambayo si kila mtu anaimudu. Zaidi ya hapo, miwani ya jua inatia giza kila kitu, pamoja na kivuli cha chini ya miti na dashibodi, wakati bamba linatia giza pale tu unapolishusha. Ukifika chini ya daraja la Ubungo, unalisukuma juu kwa kidole na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Hata hivyo, bamba hili haliwezi kulifuata jua kila mahali, na hili ninalitaja kwa sababu boksi halilisemi. Mwezi Machi na Septemba jua huchomoza karibu mashariki kamili, yaani pale pale barabara yetu inapoelekea, na miezi hiyo bamba linafanya kazi yake yote. Kufikia Desemba jua la asubuhi huhamia kulia, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na bamba, ambalo urefu wake ni kama sentimita 30, haliufikii ule upenyo ulio kati ya ukingo wake na nguzo. Mwezi Juni jua la asubuhi hutoka upande wa kushoto, likipita mbele ya abiria, na hapo pia bamba la dereva halina msaada. Toleo ambalo bamba lake linateleza kushoto na kulia kwenye reli ndogo lingeliondoa tatizo hili kwa sehemu kubwa. Nililiona dukani kwa bei iliyokaribia maradufu, nikaona ni ghali. Leo ningeongeza fedha.

Ukamilifu wa wazo hili nadhani uko kwenye kile ambacho kampuni ya Bosch ilikionyesha Las Vegas mwanzoni mwa mwaka 2020: kikinga jua kilichotengenezwa kwa kioo cha kidijitali, chenye kamera inayomtazama dereva, ambacho hutia giza kipande kile tu kinachoangusha kivuli machoni na kuacha sehemu iliyobaki wazi. Kwetu sisi wa shilingi 25,000, kazi ya kamera hiyo inafanywa na mkono wa kushoto, na lazima ifanywe gari likiwa limesimama au likienda polepole. Kurekebisha bawaba kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni hatari: kwa mwendo huo gari linakwenda mita 22 kila sekunde.

Sasa bamba la njano. Kati ya Kimara na Kibaha barabara ni ya njia nane na imetenganishwa katikati, hivyo taa za wanaokuja hazisumbui sana. Ukishaipita Kibaha kuelekea Mlandizi na Chalinze, hali ni nyingine: malori mfululizo, mabasi ya mikoani ambayo tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na magari madogo mengi ambayo wenyewe wametoa balbu za awali na kuweka za LED ndani ya taa zisizoundwa kwa ajili yake, kiasi kwamba hata dereva akipunguza taa, mwanga unatawanyika kila upande. Nililijaribu bamba la njano huko kwa matumaini makubwa. Mara ya kwanza lilinifurahisha. Weupe ule wa kuchoma uligeuka kuwa wa rangi ya asali, mabega yakalegea, na nikafika Chalinze nikijiambia kwamba fedha yangu haikupotea.

Kilichonitia shaka ni mwendesha baiskeli mmoja karibu na Mlandizi, aliyebeba mkaa bila taa wala kiakisi mwanga, ambaye nilimwona nikiwa nimeshamkaribia mno. Sikugonga mtu, ninamshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata nilifanya jaribio katika uwanja ulio karibu na nyumbani. Jirani alilielekeza gari lake kwangu, taa zikiwaka, na mpwa wangu, amevaa sweta yake ya shule ya bluu iliyokoza, akawa anatembea kutoka gizani kuja upande wangu, pembeni mwa taa za jirani. Tulikubaliana kwamba nikimwona tu nipige honi, naye asimame ahesabu hatua mpaka kwenye boneti. Tulirudia mara tano bila bamba na mara tano bamba likiwa limeshushwa. Kila bamba liliposhushwa, honi ilichelewa, na mara moja tofauti ilikuwa hatua kumi na tatu. Raundi ya mwisho alifika dirishani akaniambia, "Mjomba, mimi nilikuwa nimeshakupungia mkono mara mbili kabla hujapiga honi."

Uwanja na sweta moja havitoshi kuthibitisha jambo kwa watu wote, lakini matokeo yale yanalingana na kanuni ya mwanga na pia na utafiti. Bamba la njano huchuja mwanga wa bluu, ambao ni mwingi katika taa za LED, na ndiyo maana jicho hupata nafuu. Lakini haliwezi kuchagua mwanga wa nani lichuje. Linapunguza wa lori linalokuja, na papo hapo linapunguza ule mchache unaorudi kutoka kwa mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara, ambao ndio unaouhitaji kuliko wote. Tena, chembe za jicho zinazofanya kazi gizani huhisi zaidi mwanga ulio kati ya bluu na kijani, na sehemu ya mwanga huo ndiyo inayoondolewa. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens, Boston, waliwajaribu watu 22 katika mtambo wa kuigiza uendeshaji wa usiku, wakiwa na miwani ya njano inayouzwa kwa ajili ya madereva, na hawakuona kwamba miwani hiyo iliwasaidia kumtambua mtembea kwa miguu, hata pale taa za gari linalokuja zilipokuwa zikiwamulika. Kilichopimwa kilikuwa miwani, lakini plastiki ya njano inachuja mwanga ule ule iwe puani au kwenye kikinga jua. Ninakipinga kwa dhati kitendo cha kuuza kitu hiki kama kifaa cha usalama. Kinamfanya dereva ajisikie salama zaidi wakati anaona kidogo zaidi, na wanaolipa tofauti hiyo ni wale wanaotembea kwa miguu.

Kilichonisaidia usiku kwa kweli hakikugharimu karibu chochote. Niliosha kioo cha mbele kwa ndani, kwa maji yenye siki kidogo na kitambaa safi, na kitambaa kilitoka na rangi ya kijivu, kana kwamba nimefuta masizi. Ni ule utando unaotoka kwenye plastiki za dashibodi zinapopata joto, na taa inayokuja ikiupiga husambaa kioo kizima. Nilibadilisha mipira ya waipa iliyokuwa imeanza kukichora kioo kwa vumbi. Nilianza kukitumia kile kijulimi kilicho chini ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, ambacho nilikuwa nacho miaka yote bila kukigusa, na taa za mabasi yaliyo nyuma yangu zikafifia. Nilikwenda pia kupima macho, nikaambiwa miwani yangu ilikuwa imepitwa na wakati. Yote haya yanapunguza kusambaa kwa mwanga bila kumfuta mtu wa kando ya barabara.

Kuhusu uimara, sina budi kusema wazi. Katika mwezi wa nne wa kukitumia, bawaba zililegea. Usiku mmoja nikitoka Morogoro, nikapita kwenye tuta ambalo sikuliona mapema, na bamba la rangi ya moshi likaanguka lenyewe mbele ya macho yangu, gizani, lori likiwa linakuja. Nililisukuma juu nikapaki pembeni mpaka mikono ilipotulia. Fundi wa mtaani aliongeza washa ndogo (kile kipete bapa cha chuma) kwenye kila skrubu na kuzikaza, na tangu hapo bamba halijashuka tena, ingawa rasta na matuta ya njia yetu si haba. Kwa maoni yangu kazi hiyo ingefanywa kiwandani. Anayekinunua aitikise bawaba dukani kabla ya kulipa: ikiwa bamba linashuka kwa uzito wake lenyewe, aliache. Aangalie pia unene wa kikinga cha gari lake, kwa sababu vile vyenye kijioo na taa ndani yake ni vinene na vibanio havivishiki barabara. Plastiki yenyewe inachunika kwa urahisi; nililifuta mara moja kwa kitambaa chenye vumbi na mikwaruzo ile inang'aa kila asubuhi.

Kwa bamba la mchana peke yake, ningemshauri dereva yeyote anayekwenda na kurudi kwenye njia ya mashariki na magharibi akinunue, hasa anayevaa miwani ya macho, na akiweza achukue lile linaloteleza kwenye reli. Bamba la njano nililifungua skrubu zake mbili wiki ile ile ya jaribio, na kikinga kimekuwa chepesi, hakitikisiki kama zamani. Mwezi uliopita nilirudi dukani kumtafutia mke wangu kifaa kama hicho na nikaomba bamba la rangi ya moshi peke yake. Kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu kwamba hayauzwi moja moja, nikanunua yote mawili na kumwomba bisibisi nililifungue la njano pale pale.