Kiondo cha Biashara ya Haki: Nimekipekua Mpaka Kamba Zake, na Hiyo Bei Tuiongee

Haya jamani, karibuni tena. Wale mliokuja kwa ajili ya ile spika ndogo, tulieni, inakuja, betri yake bado inanizungusha. Leo mezani kuna kiondo. Ndiyo, kiondo, cha mkonge, mikanda ya ngozi, na hapa pembeni kinaning'inia kikaratasi kinachosema "biashara ya haki", yaani aliyekitengeneza amelipwa inavyostahili. Kikaratasi hicho tutarudi kwake, maana kina lawama zake.

Upana, urefu, rangi, hayo nimeyaandika chini ya video. Kiondo mnakijua. Kama nyanya yako hakuwa nacho, basi jirani yenu alikuwa nacho. Ninachotaka mwone ni kitu ambacho wachambuzi wote wa mikoba huku mtandaoni wanakiruka. Kamba.

Kijana wa kamera, sogea. Sogea zaidi. Sasa tazameni hapa ndani, nimekigeuza nje ndani. Huu uzi hapa, naufumua kidogo kwenye ncha... mnaona? Ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Hazikutoka kiwandani. Kuna mama ameketi chini, jani la mkonge limekwishaparuliwa likabaki singa nyeupe, singa zimekaushwa, akazisokota pajani kwake moja baada ya nyingine mpaka akapata kamba ya kutosha kikapu kizima. Na hapo hajaanza kusuka!

Mnajiuliza kwa nini leo nimevaa kaptura. Ni kwa sababu hii. Nina fungu la singa hapa. Natenga mafungu mawili membamba, nayaweka pajani, nayasukuma kwa kiganja kuelekea gotini, kila moja linajisokota peke yake. Sasa narudisha kiganja nyuma, yanakumbatiana. Hivyo. Hicho kipande ni urefu wa kidole. Narudia. Nasukuma, narudisha. Naongeza singa nyingine kabla ile ya kwanza haijaisha, la sivyo kamba inakatika au inavimba kama koo la mjusi. Msiruke mbele tafadhali, nataka muone jinsi kazi hii inavyokwenda polepole. Paja limeanza kuwa jekundu. Hii kamba yangu hapa nene, hapa nyembamba, hapa imefumuka. Sasa linganisheni na ya kiondo. Weka karibu. Mama yule kamba yake imenyooka, na ukitazama kwa makini unaona tofauti ndogondogo za unene, hapo ndipo unajua ni mkono.

Sasa kitako. Katikati hapa kamba za kusimama zimepishana, halafu kamba mbili nyembamba zinazunguka, moja mbele moja nyuma, zinapishana kila baada ya kamba moja. Kikapu kinavyopanuka, msusi anachomeka kamba mpya za kusimama. Hapa kachomeka. Na hapa. Tangu kitako mpaka mdomoni ni kitu kimoja, hakuna mshono. Sasa kiondo kingine, mwenzake, subiri nimtoe chini ya meza, huyu nimemnunua kwa mchuuzi mmoja barabarani kwa shilingi 1,500 za Kenya. Mzuri kwa mbali. Mgeuze. Kitako kimeshonewa kwa cherehani, na "mkonge" wenyewe unang'aa. Sogeza kibiriti uone... ee, unayeyuka. Plastiki. Zima, zima, mwenye nyumba atanifukuza.

Sasa tujaze mzigo. Unga wa kilo mbili mbili. Pakiti sita, kilo kumi na mbili. Nanyanyua. Mwili wa kiondo haujalalamika hata kidogo. Kinachonikera ni huu mkanda wa ngozi, umeshikiliwa na ribiti moja, hiki kipini cha chuma, kila upande. Moja! Kwa bei hii? Wekeni mbili, na mshone juu yake. Kamba ya mama itaishi miaka, halafu mkoba ufe kwa sababu ya ribiti ya shilingi kumi. Aibu hiyo si ya msusi, ngozi kwa kawaida huwekwa baadaye, kwenye karakana nyingine.

Tuje kwenye kikaratasi. Picha ya mama anatabasamu. Maneno: "Ununuzi wako unabadilisha maisha." Nimegeuza upande wa pili, hakuna kitu. Kikundi gani? Wapi? Nani amekagua? Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu mtu yeyote mwenye printa anaweza kuandika hivyo. Mchuuzi wangu wa plastiki pia anaweza.

Sasa sikilizeni, wengi mnanichanganyia mambo kwenye maoni. Ile alama ya Fairtrade mnayoiona kwenye majani ya chai na kahawa, ile ilijengwa kwa ajili ya mazao ya shambani, na kwa mazao mengi imepanga bei ambayo mkulima hapaswi kulipwa chini yake. Huwezi kupanga bei moja ya dunia kwa kiondo, maana hakuna viondo viwili vinavyofanana. Kwa kazi za mikono kuna Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, na wao hawakagui bidhaa, wanakagua shirika lenyewe linalouza, kwa kanuni kumi. Kwa hiyo ukiwa dukani usiulize "kikapu hiki kina alama?" Uliza "ninyi ni wanachama wa nani, na mnanunua kwa kikundi kipi?" Akianza kukupigia hadithi za tabasamu, mwachie kikapu chake.

Katika zile kumi, kuna moja naipenda kuliko zote na hakuna anayeitangaza: malipo ya awali. Mnunuzi wa kazi za mikono akiombwa, anatakiwa atangulize angalau asilimia 50 ya oda, bila riba. Mnaona uzito wake? Ukambani, mashariki mwa Kenya, kwa Wakamba wanaosuka viondo hivi, mvua inakuja inapotaka. Mahindi yakikauka, kiondo ndicho shamba. Lakini mkonge unanunuliwa, rangi inanunuliwa, na mama anasokota na kusuka siku nyingi kabla hajaona senti, tena katikati ya kuchota maji na kupika. Mabroka, wale madalali, wanajua hilo. Wanajua pia Januari shule zinafunguliwa. Broka anafika na pesa taslimu mkononi, anataja bei anayotaka, na mama anauza, atafanyaje? Sasa mama huyohuyo akiwa ameshapokea nusu ya oda mwezi uliotangulia, broka akija anaambiwa pita kesho. Bei nzuri ni muhimu, sikatai, lakini ile nusu ndiyo inayompa mama nguvu ya kukataa bei mbaya.

Na si mama mmoja mmoja. Wakamba wana mwethya, vile vikundi vyao vya kusaidiana kazi tangu zamani, na vikundi vingi vya kusuka vimekaa juu ya msingi huohuo. Oda kubwa inagawanywa, huyu vitano, yule vitatu, wanakagua kazi ya kila mmoja kabla haijaondoka, na pesa nyingine inaingia kwenye chama, mfuko wao wa akiba. Mnunuzi wa nje akitaka vikapu mia vya kipimo kimoja, mtu peke yake hawezi, kikundi kinaweza.

Kidogo nitoke nje ya mada, mnivumilie. Watu wanadhani biashara ya haki ilianza na kahawa. Hapana! Mwaka 1946 mama mmoja wa Marekani, Edna Ruth Byler, alikwenda Puerto Rico, akakuta wanawake maskini wanadarizi vitambaa vizuri na hawana pa kuviuza, akavibeba kwenda kuwauzia marafiki na majirani zake, akivitoa kwenye buti ya gari. Kutokana na hapo likatokea shirika la Ten Thousand Villages. Kwa hiyo sindano na uzi vilitangulia kahawa. Mtu akikuambia kazi za mikono ni pambo tu la biashara ya haki, mpeleke kwa Byler.

Mkonge wenyewe, kwa taarifa yenu, ni mgeni, Wajerumani waliuleta upande wa Tanga mwaka 1893. Kabla yake akina mama wa Kikamba walisokota nyuzi za gome la mbuyu. Wapinzani wa kiondo sasa, vikapu vingine. Vikapu vya Iringa, vile vya majani ya milulu, ninavipenda kwa harufu yake, lakini mwili wake ni mgumu, huwezi kukikunja ukakiweka chini ya kiti cha matatu. Vya Bolgatanga, Ghana, vina mdomo mpana na rangi za kuchangamka, kwa kwenda soko la mboga vinauteka moyo wangu. Agaseke ya Rwanda, kile kikapu chenye mfuniko, ni nzuri mno hata naona vibaya kuitilia vitunguu. Na kama unataka kazi iliyotengenezwa na watu wenye ulemavu wanaolipwa kwa ufundi wao na si kwa huruma, Mombasa kuna karakana za Bombolulu, zipo tangu 1969, na Iringa kuna Neema Crafts, tangu 2003, mafundi wao wengi ni viziwi. Hao nataka niwafanyie video yao, si dakika mbili hapa.

Na marufuku ya plastiki ilitusaidia, hilo nalo tuseme. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, watu wamekumbuka kikapu. Hilo linanipa moyo, kwa sababu kutegemea wageni peke yao ni hatari. Miaka ya sabini na themanini kiondo kilivuma Ulaya na Marekani, kila msichana wa chuo alikuwa nacho begani, halafu nakala za mashine kutoka Asia zikajaa sokoni, mitindo ikageuka, na oda zikapungua. Biashara ya haki haiwezi kumlazimisha mtu wa London aendelee kupenda mkoba wako. Wewe wa Nairobi na Dar ukinunua, angalau soko liko karibu.

Bei basi. Shilingi 4,200 za Kenya. Nilipoanza kurekodi nilikuwa nimeshaamua kusema ni ghali. Sasa paja langu linawasha na sijui niseme nini. Tuseme, ni mfano tu, msusi anapata 1,400, ngozi na bitana 700, na iliyobaki ni ya usafiri, duka, kodi na mengine. Je, hiyo 1,400 ni haki? Gawanya kwa siku alizosokota na kusuka, uone kama wewe ungekubali. Ndiyo maana nataka muuzaji aandike mgawanyo huo kwenye kikaratasi badala ya tabasamu. Kuna mashirika yanayofanya hivyo, mengine yanaona haya. Nimemwandikia aliyeniuzia. Akinijibu nitabandika jibu juu kabisa kwenye maoni, liwe zuri liwe baya.

Hakuna aliyenilipa, kiondo nimenunua kwa pesa yangu, kwa hiyo msinitukane. Alama zangu, kila moja kati ya kumi: kamba na ususi, tisa. Kikaratasi, mbili, na hizo mbili ni kwa sababu karatasi yake ni nzuri. Mkanda, nne mpaka waongeze ribiti. Ningenunua tena? Ningenunua, ila bila ngozi, moja kwa moja kwa kikundi, na ningelipa nusu mbele. Wanaosuka au wenye mama anayesuka, niambieni kwenye maoni mnauza vipi, na kama kuna mtu amewahi kuwatangulizia nusu ya oda. Wiki ijayo ni mawe ya kuchonga ya Tabaka, Kisii, na nimeshaonywa vumbi lake litaingia kwenye kamera, kwa hiyo kama kuna mwenye lenzi ya zamani anaiuza, tuwasiliane.