Sari Niliyouziwa Mjini Ilikuwa ya Bibi Harusi

Niseme mapema kwamba duka lenyewe la sari ni zuri, nisije nikaonekana nina kinyongo tu. Liko katikati ya mji wa Dar, upande wa Kisutu, ghorofa ya kwanza. Unapanda ngazi nyembamba inayonukia udi na sambusa za mboga za jirani, halafu ukisukuma mlango unakutana na ukuta mzima wa vitambaa, kuanzia sakafuni hadi darini. Jina silitaji. Nitakayoyasema si ya kusifu yote, na mama mwenye duka ananifahamu sura.

Mimi ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, mwaka wa 11 huu. Bosi wangu ni Mgujarati, Mhindi wa asili ya Gujarat, na mwezi uliopita alimwoza binti yake wa mwisho. Kadi nilipewa mkononi na mama bosi mwenyewe, tena ya siku tatu zote: pithi (kupakwa manjano) na hina Alhamisi, garba (ngoma yao) Ijumaa, ndoa Jumapili asubuhi. Nikamwuliza, "Mama, sasa mimi nivae nini?" Akacheka. "Vaa unachopenda, mama. Rangi rangi tu."

Basi mtu ukafanyie kazi jibu hilo. Sisi tumezoea harusi ambayo kamati inakupangia: mchango umetoa, sare umetajiwa, kilichobaki ni kugombana na fundi. Kule hakuna sare. Kuna sari, na kwa tofauti ya herufi moja hiyo mimi nimepoteza laki mbili na ushee.

Nilikwenda Jumamosi baada ya kufunga hesabu. Binti wa kaunta alinipokea vizuri, "karibu dada, karibu mama," akaniletea maji ya baridi, akaanza kushusha vitambaa kama anayegawa karata. Hapo lazima niwape sifa zao. Kila sari wanaikunjua yote, mita tano na nusu, uione mwanzo hadi mwisho, na hawanuni ukisema hapana. Nilionyeshwa za nailoni za kuanzia elfu 45, nikaonyeshwa za hariri ambazo bei yake niliisikia nikarudisha mkono nyuma. Nilionyeshwa bandhani, ile ya kufungafunga kitambaa kwa uzi vifundo vidogo vidogo kabla ya kukitia rangi, ndiyo maana kikifunguliwa kinabaki na vidoti. Halafu akanishushia moja nyeupe, upindo mwekundu, vidoti vyekundu na nyuzi za dhahabu. Moyo ukatua hapo hapo. Elfu 180. Nikalipa kwa simu, nikaongeza elfu 30 za kushona blauzi.

Katika dakika zote 50 nilizokaa mle ndani, hakuna aliyeniuliza swali moja tu: dada, unakwenda kama nani?

Blauzi ilitoka Jumatano. Usiku nikajivisha mbele ya kioo nyumbani Tabata, nikapiga picha, nikamtumia mama bosi kwa mapenzi yote. Hakujibu. Alipiga. Alikuwa anajizuia kucheka, na nyuma yake nikasikia nyumba nzima haijizuii. "Mama, hiyo inaitwa panetari. Hiyo ya bibi harusi. Analetewa na mjomba wake." Akanyamaza kidogo, kisha, "Wewe mjomba wako nani?"

Ndivyo ilivyo kwa Wagujarati wa dini ya Kihindu: bibi harusi huvaa hiyo nyeupe yenye wekundu kutoka upande wa mjomba, na upande wa mume humletea nyingine nyekundu, gharchola, anayofunikwa nayo. Kwa hiyo mgeni, nyeupe na nyekundu kwa pamoja uziweke mbali kabisa. Nyeupe tupu nayo usiivae, kwao ni ya msiba. Nyeusi vijana siku hizi wanavaa kwenye tafrija za usiku, lakini bibi wa upande wa bwana harusi akikuona nayo asubuhi kwenye ndoa atakukumbuka, na si kwa wema. Baki na kijani, buluu ya tausi, zambarau, chungwa, pinki kali. Zile rangi ambazo harusi ya kwetu ungesema huyu kazidisha, kule ndio kwanza umevaa.

Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikarudi dukani. Binti yule yule. Akanionyesha kibao kilichobandikwa juu ya kaunta: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia hata kama mmeniuzia vazi la bibi harusi? Akasema, "Dada, uliipenda mwenyewe." Nusu ya haki wanayo, maana kile kipande cha blauzi kinachoachwa mwishoni mwa sari kilikwisha katwa, na sari iliyokatwa nani atainunua. Nusu nyingine hawana. Muuza sari anayejua panetari ni nini, akamwona Mswahili wa Tabata anaikumbatia, akanyamaza, huyo hakuuza kitambaa, aliuza aibu. Mama mwenye duka alipotoka ndani nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasikiliza, akasema ni kweli ilifaa niulizwe. Pesa hakurudisha. Alichofanya ni kunikodishia nyingine, kijani ya majani ya mpapai, kwa elfu 60 badala ya 80, na elfu 50 ya kuweka dhamana.

Pithi nilikwenda na dera langu la njano na nilikuwa sawa kuliko wengi. Siku hiyo bibi harusi anapakwa manjano iliyosagwa, na manjano hairuki mtu. Mwenye kujua anavaa njano, au nguo asiyoililia. Garba ya Ijumaa usiende na sari. Ni ngoma ya kuzunguka duara saa mbili tatu, makofi, kuinama, kugeuka, kisha zinaletwa fimbo za dandia. Duka hilo wanakodisha chania choli, yaani sketi pana yenye vioo vidogo vilivyoshonewa, blauzi na mtandio wake, elfu 40. Nzito kama ndoo ya maji, lakini ukigeuka inafunguka yote, na hapo nilisahau kwa muda kwamba nina madai.

Jumapili ndiyo nina mengi ya kusema, na mengi ni ya kuwasifu. Kwa elfu 10 wanakuvalisha palepale dukani. Walifungua saa 12 asubuhi kwa ajili yetu wateja wanne. Aliyenivalisha ni dada mmoja mtu mzima, hazungumzi, mdomoni ana pini. Jambo la kwanza alilofanya ni kulivuta gagulo langu na kulikataa. Nilikuwa na gagulo la lastiki. Sari yote inachomekwa kwenye gagulo, uzito wote unaning'inia pale, lastiki itakushusha mbele za watu. Linatakiwa la kamba, limekazwa mpaka ujute kula chapati, na rangi ishabihiane na sari, maana kitambaa chepesi kinaonyesha. Wanauza hapo hapo elfu 15. Nenda na lako.

Akaniuliza mtindo gani. Ule unaoonekana zaidi, ile ncha yenye mapambo, palu, inapita kifuani na kuangukia nyuma ya bega la kushoto. Wa Kigujarati unatokea nyuma, unapita bega la kulia na kuja kutandazwa mbele, mapambo yote kifuani. Nikachagua wa Kigujarati. Mama bosi aliponiona ukumbini alishika mdomo. Mashangazi zake watatu walikuja kunigusa bega na kunizungusha. Lile dada la pini linanidai shukrani.

Kosa lake moja, na langu pia: alinipima urefu nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Ndivyo inavyofanywa, unavaa viatu kwanza ndipo unakunjiwa mikunjo ya mbele, ili upindo uguse sakafu tu. Lakini kwenye mandapa, lile banda la maua lenye moto ambapo ndoa inafungwa, viatu vinavuliwa. Niliitwa kupiga picha na familia, nikavua, na ghafla nilikuwa na sari ndefu kuliko mimi. Nilipanda vile vidaraja vitatu nimekusanya kitambaa kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto Msimbazi masika. Vaa ndala za bapa zenye urembo, uvalishwe ukiwa nazo, yaishe.

Na wanaume, soksi. Baba watoto alikodi kurta, lile shati lao refu, ya buluu elfu 35 na ilimkaa vizuri, suti angekufa na joto. Soksi ya kulia ilikuwa na dirisha. Aliligundua amekaa mstari wa mbele, viatu viko mlangoni, wakati mama mkwe anajaribu kumshika bwana harusi pua, ndio utani wa desturi yao, na kila mtu ameinamisha kichwa kutazama. (Viatu vya bwana harusi mwenyewe waliviiba shemeji zake wa kike, wakavirudisha kwa pesa. Vya mume wangu hakuna aliyevitaka.)

Jambo lingine ambalo dukani hawakuambii, wala sidhani linawahusu. Hapa Dar tukisema Wahindi tunachanganya watu wengi. Ukipewa kadi, uliza kwanza ni harusi ya akina nani. Kwa Kalasinga, yaani Masikh, ndani ya hekalu lao utafunika kichwa, mwanamke kwa mwanamume, kwa hiyo mtandio ni lazima. Kwa Wagoa utakuta ni misa, na bibi harusi yuko kwenye gauni jeupe kama lako la mwaka ule. Bohora na Ismailia ni Waislamu, nao wana taratibu zao. Mbavu wazi na mgongo wazi uliouona kwenye filamu uuache kwenye filamu. Kwenye ndoa ya asubuhi wamama wote niliowaona walikuwa na blauzi ya mkono na palu imebanwa pini. Kitenge kizuri kilichoshonwa kwa heshima kinapokelewa pia. Mke wa mhasibu wetu alivaa kitenge cha zambarau na hakuna aliyemtazama vibaya. Zaidi, yeye alikula kwa raha kuliko mimi.

Sari ya kukodi niliirudisha Jumatatu. Dhamana walinikata elfu 20 kwa doa la manjano ambalo sikuliona mimi, na manjano ilikuwa Alhamisi, sari nilivaa Jumapili. Nilibishana hadi nikachoka. Kwa hiyo, ukienda kukodi, ikague sari yote mbele yao kabla hujaondoka, ipige picha.

Nilipokuwa nashuka ngazi na ile panetari yangu kwenye mfuko, fundi wao akaniita. Ni mzee, anakaa chini kabisa ya ngazi na cherehani nyeusi ya miguu. Blauzi zote za duka zinashonwa pale, wateja wa juu hawamwoni. Ndiye aliyeshona yangu, na nisisahau kusema ilinikaa bila kosa, na ndani aliacha akiba ya mshono vidole viwili kila upande. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaikunjua magotini, akaipima kwa kiganja, akaniuliza kama nina mtoto wa kike. Ninaye, ana miaka tisa, Desemba anapokea Komunio ya Kwanza.

Akasema upindo mwekundu utaondoka wote, vidoti viko zaidi upande wa palu, katikati nyeupe inatosha gauni na shela, na kitabaki cha mito miwili. Elfu 25. Nikamwuliza lini. "Kesho kutwa, mwanangu, baada ya adhuhuri." Nilikwenda kesho kutwa baada ya adhuhuri, na lilikuwa tayari.