Yadi ya mbao Gikomba: deka ya watoto ilipinda, bado nawapa nyota tatu na nusu

Hii rivyu nimeichelewesha makusudi. Ningeiandika siku ile kitanda cha ghorofa cha watoto, yaani deka, kilipinda ningewapa nyota moja na matusi juu. Sasa hasira zimeshuka na deka imesimama, kwa hivyo wacha niseme vile mambo yalienda. Jina la yadi nitaliacha, mwenye yadi alinitendea haki mwishoni na sitaki kumharibia.

Niko na watoto wawili na chumba chao ni kimoja, tunaishi Zimmerman hapa Nairobi na mnajua vyumba vya huku, ukiweka vitanda viwili mlango haufunguki. Ikabidi deka. Za chuma nilikataa, mtoto akigeuka usiku inalia kama geti la ploti nyumba nzima inaamka. Fundi wangu akaniandikia listi, mbao za inchi sita kwa mbili za ubavuni, tatu kwa mbili za miguu, sita kwa moja za kulalia godoro, akaniambia nenda Gikomba mwenyewe usitume mtu. Nikaenda Jumamosi asubuhi.

Kabla hujashika hata mbao moja vijana washakuzunguka, boss saipras, boss saipras safi ya Kinale, boss mahogani ya Kongo, mmoja ameshakushika mkono. Nilichagua hii yadi kwa sababu moja tu na ni ya kijinga, bei. Walikuwa chini ya jirani yao kwa shilingi 12 kila futi. Mbao zimesimamishwa ukutani nje, hakuna paa, nikabeba moja ikanishinda. Nzito kama imelowekwa kwa karai. Nikagusa ile sehemu ya kukatwa kiganja kikanata utomvu na harufu yake ni tamu, mimi nikafurahi, nikajiambia mbao nzito ni mbao ya nguvu. Wacheka wacheke. Nililipa kwa M-Pesa nikapewa risiti ya kalamu, pikapu ikapakia tukaenda.

Fundi akaunda deka. Wiki ya sita nikaskia mke wangu akiniita. Ubavu wa juu ulikuwa umejizungusha kama mtu anakamua nguo, kona moja imeachia nafasi ya kuingiza kidole, misumari imetoa vichwa nje yenyewe. Fundi alipokuja hakuniuliza swali, akaweka mkono kwa mbao akasema hii ulinunua mbichi. Mbao ikikauka inanywea, msumari haunywei. Mtoto wa juu akahamishiwa kwa sofa.

Nikarudi Gikomba na picha kwa simu na kipande nimekata cha kama futi moja, nimejiandaa kwa vita kabisa. Wale vijana wakaanza ati boss uliweka kwa jua, ati fundi wako ndiye mbaya. Hapo ndipo mwenye yadi akatoka, mama wa makamo na aproni ya vumbi la mbao, akawanyamazisha akachukua kipande changu akakigeuza akaangalia kichwa chake. "Kijana wangu, njoo uone." Katikati ya ubao kulikuwa na kidoa kidogo cha kahawia, moyo wa mti wenyewe, na pete zimeuzunguka pana karibu upana wa kidole. Akaniambia mti wenye pete pana hivyo ulikimbia, ulikua haraka ukakatwa bado kijana, na ubao uliobeba moyo lazima utapinda hata ukiukausha vizuri. Nikamuuliza ulikuwa na miaka mingapi nianze kuhesabu pete, akacheka. Huku kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, akasema, mti unaweza kuweka pete mbili mwaka mmoja, hiyo hesabu ya kwa vitabu itakudanganya.

Nikamuuliza sasa mama kwa nini unauza miti ya watoto. Akavuta kiti.

Akaanzia 2018. Mnakumbuka Februari ile serikali ilipiga marufuku kukata miti kwa misitu ya umma na ya jamii, mito ilikuwa inakauka watu wamekasirika, ikasemwa ni siku 90. Hizo siku 90 zilifika 2023. Msitu ukafungwa lakini watu hawakuacha kujenga wala kulala kwa vitanda, kwa hivyo mbao ikatafutwa kwingine, ya paini ikaanza kuingia kwa wingi kutoka Tanzania, na nyingine ikatoka kwa mashamba ya watu ambayo marufuku haikuyagusa. Na shambani mti haungojwi. Karo ya shule ikifika Januari mzazi anakata kilicho pale, hata kama kingetaka miaka mingine kumi. Mama anasema yeye alizoea kununua hivyo miaka mitano, na hata msitu uliporuhusiwa tabia ikabaki, kwa sababu mbao changa ni rahisi na kastoma kama wewe, akaninyooshea kidole, anaangalia bei peke yake.

Sikuwa na jibu kwa hilo la bei. Lakini kwa lile la marufuku nilikuwa nalo. Mimi niliiunga mkono, nilikuwa hata nikigombana na watu kuihusu. Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa, ati miti iliyokomaa inaoza msituni watu wakikosa mbao, nilikasirika sana, na chama cha mawakili, LSK, kilipoenda kortini uamuzi wake ukasimamishwa kwa muda nilishangilia. Nikamwambia mama hivyo hivyo. Akaniangalia tu. "Saipras ni mahindi ya miaka 30. Ukiyaacha shambani hayageuki kuwa msitu."

Na ukweli ni kwamba saipras hata si ya hapa, asili yake ni Meksiko, ililetwa ikapandwa kwa mistari ili ikatwe. Ina ratiba yake kama kuku wa gredi, inapogolewa matawi ya chini ili ubao usijae mafundo, inapunguzwa iliyobanana ili iliyobaki inenepe, halafu baada ya miaka kama 25 mpaka 30 inakatwa yote na shamba linapandwa upya. Ukiruka kupunguza unapata fito nyembamba nyingi zinazogombea jua. Ukichelewa sana inaanza kuoza ndani. Kwa hivyo kusema tuiachie asili ifanye yake kwa shamba la saipras ni sawa na kusema tuiachie asili kibanda cha kuku.

Hapo alinipata. Lakini na mimi nilimwambia shida yangu iko wapi: lori inayoingia msituni na kibali cha saipras inatoka usiku, na chini ya saipras ukikuta mtarakwa wa asili nani ataangalia? Huo haukupandwa kwa mistari na mtu, ukiuangusha huo hakuna ratiba ya miaka 30 ya kuurudisha. Akanyamaza kidogo akasema hilo sikukatalii. Nikamwomba aniletee karatasi ya kusafirisha mbao ya mzigo wa wiki ile, akatoa ya mzigo mmoja, ya mzigo wa pili akasema iko kwa dereva. Nimetoa nusu nyota hapo.

Sasa naingiza msitu wa Karura kidogo, ule wa hapa Nairobi, nisameheni, inahusiana. Wikendi iliyofuata tulienda na watoto, tukaingia kwa geti la Limuru Road. Mimi Karura nimekuwa nikiichukulia kama mahali ambapo hakuna mtu ameweka mkono, msitu wenyewe, ule Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiupigania Januari 1999 wanyakuzi wasigawane. Safari hii nikatembea na macho ya mama wa mbao. Ukifika kwa mikaratusi unaona kabisa imesimama kwa mistari, hiyo ni miti ya Australia ililetwa Kenya wakati wa mkoloni ichomwe kwa treni za moshi. Chini yake kumekauka, magome na majani makavu tu. Halafu unatembea dakika chache unaingia kwa miti ya asili, giza kidogo, unyevu, kila kimo kuna kitu kinaota, muhugu, mukinduri, na vitu ambavyo majina sijui. Kijana wangu akaonyesha mbega juu, wale weusi wenye mkia mweupe. Nikamwambia hao waliletwa, walishikwa upande wa Kipipiri kule Nyandarua wakahamishiwa hapa. Akaniuliza, "Kwani hata nyani wamepandwa?"

Nimecheka lakini ni swali. Waya wa stima umezunguka msitu, mikaratusi na miti mingine ya kigeni inatolewa kidogo kidogo ipandwe ya asili, mbega wamebebwa kwa gari. Hiyo yote ni kuingilia. Nilikuwa na marafiki wanaona kisiki Karura wanapiga picha wanapiga kelele mitandaoni, na mimi nilikuwa mmoja wao, hatuulizi kisiki ni cha mti gani. Mkaratusi ukitolewa pale mukinduri upate jua mimi sai sina neno. Mukinduri ukitolewa barabara ipite, hapo nitapiga kelele na sitaomba msamaha.

Haya turudi kwa yadi. Mama alinibadilishia zile sita kwa mbili zote, nikaongeza pesa nusu tu kwa sababu alinipa kutoka kwa stoo ya nyuma ambayo kastoma wa bei hawaonyeshwi. Huko nyuma kuna mabati, mbao zimelazwa na fito kati ya kila safu upepo upite, mzigo niliopewa ulikuwa umelala miezi mitatu. Ana kamashine kenye pini mbili unadunga kwa ubao kanakuambia maji ni asilimia ngapi, ubao wangu mpya ukasoma 13. Kwa hasira ya utani nikadunga zile za nje ukutani, namba ikapanda mpaka kamashine kakakataa kusoma. Nikamuuliza mbona usiweke bango kwamba hizi ni mbichi na zile ni kavu, akasema nikiweka bango jirani atauza mbichi kama kavu mimi nifunge. Sikubaliani, na nimemwambia.

Kwa hivyo ukienda: usisimame mbele na wale vijana, uliza stoo ya nyuma, beba ubao mwenyewe, ukiwa mzito kuliko unavyotarajia uache, angalia kichwa chake kama kuna moyo, na ulizia karatasi. Mbao kavu inazidi ile ya nje kwa karibu shilingi 20 kwa futi na mimi nitailipa. Enda kabla ya saa tatu, baadaye mikokoteni inafunga njia na pikapu yako itatoka saa saba.

Deka mpya ina miezi minne. Jana nimepitisha kidole kwa ile kona, haikuingia. Kile kipande cha futi moja nilibaki nacho, kijana amekichora pete zote kwa kalamu nyekundu na bado anabishana na mimi kuhusu idadi.