Uzoefu wangu: AC imeoshwa, gesi haikuguswa (Kawe, Dar es Salaam)

Naishi Kawe, upande wa baharini, na chumba cha mwanangu kina AC ya ukutani ya BTU 12,000. Mwanangu ana pumu. Kwa hiyo ilipoanza kutoa harufu ya ukungu kila ikiwashwa, maji yakawa yanachuruzika ukutani na ubaridi wenyewe ukawa hafifu, sikutaka fundi wa kupooza tatizo. Nilitaka wa kulimaliza.

Mafundi waliotangulia waliimba wimbo mmoja: gesi imeisha. Wanachomeka geji ya kupima presha ya gesi, wanaongeza gesi, unalipa, baridi inarudi kidogo, halafu mambo ni yaleyale. Safari hii jirani alinielekeza kwa kijana mmoja mwenye karakana ndogo pale Mwenge, aliyesomea majokofu na viyoyozi VETA. Alichelewa kwa foleni ya Bagamoyo Road, lakini alipiga simu kunijulisha.

Nilipomtajia gesi akatikisa kichwa. "Dada, gesi hailiwi. Inazunguka humohumo kwenye mabomba miaka yote. Ikipungua, kuna panapovuja, na hapo ndipo pa kutafuta kwanza." Akaniomba rimoti, akaiacha mashine ifanye kazi kwa muda, kisha akapima joto. Hewa ya chumbani ilikuwa nyuzi 27, inayotoka kwenye mashine 21. Akaniambia tuoshe, halafu tupime tena ndipo tuongelee gesi.

Hapa ndipo niliposhawishika, kwa sababu alinieleza sababu yake. Koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa, ikizibwa na vumbi, hewa haipiti vizuri. Koili inakuwa baridi kupita kiasi, inaweza hata kushika barafu, na chumba hakipoi. Dalili hizo ni zilezile za gesi kupungua. Ukipima gesi kwenye mashine chafu, geji inakudanganya, na ukiongeza unaishia kuijaza kupita kipimo na kuitesa kompresa, ile pampu inayozungusha gesi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya makini. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye rimoti tu. Akafungua kava lote, akafunika saketi kwa nailoni, akatundika turubai chini ya mashine lenye mdomo unaomwaga kwenye ndoo. Alitumia pampu ya presha ndogo na sabuni laini. Zile dawa kali zenye asidi hakuzitaka kabisa, maana zinakula mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya koili, na presha kubwa inayalaza. Mapezi yakishalala, hewa haina pa kupita.

Nilidhani uchafu uko kwenye filta. Kumbe filta ndiyo ilikuwa na nafuu! Uchafu wenyewe ulikuwa kwenye lile feni refu la ndani linalozunguka kama pipa. Kila pezi la feni hilo lilikuwa na ute mweusi, na maji yaliyoingia kwenye ndoo yalikuwa meusi tititi. Hiyo ndiyo hewa mwanangu alikuwa anaivuta usiku kucha. Nasema hili kwa uchungu: fundi anayechomoa filta, akazisuuza bombani na kuondoka, hajaosha AC yako.

Maji ya ukutani yalitokana na bomba la kutolea maji kuzibwa na utelezi. Alilipuliza, kisha akamimina jagi la maji kwenye trei ya ndani na kuniita nje nikaone yakitoka. Naomba kila mtu adai jaribio hilo kabla kava halijarudishwa.

Mashine ya nje ilikuwa na hali mbaya zaidi, kwani hewa yetu huku ina chumvi. Aliisuuza kwa maji baridi akitokea ndani kwenda nje, ili uchafu usisukumwe ndani zaidi. Akatoa mjusi mkavu kwenye sanduku la nyaya. Mijusi na sisimizi wanaunguza sana saketi mjini hapa.

Kipimo cha mwisho: chumba kikiwa nyuzi 27 ileile, hewa ikatoka 16. Gesi haikuguswa. Na hata ingehitajika, kibandiko cha mashine yangu kinasema gesi yake ni R410A, ambayo presha yake ni kubwa kuliko ya R22, gesi ya mashine za zamani, kwa zaidi ya nusu, na hazichanganywi. Someni kibandiko kabla fundi hajafungua mtungi. Kuongeza gesi juu ya mvujo ni hasara hata nje ya mfuko wako: kilo moja ya R410A ikitoka angani inapasha joto dunia sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi.

Nilimlipa shilingi 40,000, na siioni ni nyingi. Mashine ya ukubwa huu inakula karibu kilowati moja kompresa ikifanya kazi, yaani karibu uniti moja ya umeme kwa saa, na uniti moja nainunua shilingi 350 na ushee. Kompresa isiyopumzika usiku kucha inamaliza LUKU haraka. Sasa inakata na kupumzika, na naiweka 25. Kuiweka 16 hakuharakishi ubaridi kwenye mashine isiyo ya inveta, ambayo kompresa yake ama inawaka kwa nguvu zote ama inazima. Inazidisha tu muda wa kompresa kufanya kazi.

Kuna mawili sikuyapenda. Hakuja na ngazi ndefu, tukaazima kwa jirani. Pili, aliona sponji ya bomba la nje imechanika na kudondosha matone, lakini hakuwa na nyingine, ikabidi arudi siku nyingine. Fundi wa huduma kama hii angepaswa kutembea nayo.

Alinielekeza kusuuza filta kila baada ya wiki mbili na kuzianika kivulini, na kabla ya kuzima AC niache feni pekee ifanye kazi kama nusu saa ili koili ikauke, kwani ukungu unaota penye unyevu. Nimefanya hivyo na harufu haijarudi. Kuhusu kuosha kote, anasema kwetu tulio jirani na bahari ni kila miezi mitatu au minne, na walio mbali na chumvi wanaweza kufika sita. Mimi nimepanga Novemba, kabla joto la kaskazi halijaanza na mafundi hawajawa adimu. Siku hiyo atabadilisha pia vyuma vinavyobeba mashine ya nje. Vimeanza kuliwa na kutu, na chini yake watoto wanapita.