Kipima kopa cha Hanna HI702: nimekitumia kwenye tenki la karantini hapa Kigoma

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Niko hapahapa Mwanga, Kigoma mwisho wa reli, kwa wale wageni mi nafuga samaki wa mapambo wa ziwa letu Tanganyika, na leo tunachambua hiki kidude, ngoja nikisogeze kwenye kamera... mnakiona? Kinaenea kwenye kiganja, kina kitufe kimoja tu, betri moja. Kinaitwa Hanna HI702, kazi yake ni moja, kupima kopa, yaani shaba, kwenye maji, kuanzia 0 mpaka miligramu 5 kwa lita. Sijalipwa na mtu, nimeagiza kwa hela yangu, kimekuja na basi kutoka Dar, na bei sitaji maana kila agenti ana ya kwake.

Sasa kabla hujaniuliza kopa ya nini, wengi mnajua ule ugonjwa wa madoa meupe, samaki anakuwa kama kamwagiwa chumvi, anajisugua kwenye mawe. Kopa inaua kale kadudu, ila inakaua kakiwa kanaogelea peke yake kwenye maji kanatafuta samaki wa kumshika, kakishazama kwenye ngozi ya samaki dawa haikafikii. Ndo maana haitoshi kuweka dawa leo kesho ukasema basi. Kiwango kinatakiwa kikae palepale siku zote mpaka wale walioko kwenye ngozi watoke wote, na kwenye maji ya joto la 25 hivi mzunguko wao hauzidi wiki, mi nakaa siku 14 ili nilale usingizi. Na kwa hawa duboisi, aina moja ya samaki wa ziwa letu, ndo kasheshe, watoto wao wamezaliwa na madoa meupe kwenye mwili mweusi, sasa doa la Mungu na doa la ugonjwa utalitofautishaje? Kwahiyo mi duboisi akitoka tu kwa mzamiaji anaenda karantini, siangalii sura.

Ngoja niwape kisa cha kwanini nimenunua hiki kitu, maana sikuzaliwa nacho, miaka yote nilikuwa natumia mrututu, ile salfeti ya kopa ya bluu ya wakulima. Mwaka jana mwezi wa 12 maji ya bomba yalikata siku nne, mvua zinanyesha kama zote, simtanki imejaa maji ya bati, nikasema maji si maji tu, nikajaza tenki la karantini, nikaweka duboisi 9 na mrututu kipimo kilekile nilichozoea. Jioni wote wako juu wanahema, mashavu yanapiga haraka haraka, mmoja anaogelea kiubavuubavu. Asubuhi wamebaki wawili. Nikampigia simu aliyeniuzia nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa, na baadae ilibidi nimfate mwenyewe nimwombe radhi, maana kosa lilikuwa kwenye simtanki yangu.

Iko hivi. Maji ya ziwa letu, ndo hayohayo ya bomba, yana kabonati nyingi mno, alkalini yake, yaani kipimo cha hizo kabonati, iko juu ya 300 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, pH inafika 9. Ukitia mrututu humo, kabonati zinaidaka kopa, sehemu kubwa inaanguka chini inakuwa kama vumbi la kijani, samaki anapata kidogo. Miaka yote nilikuwa natia dozi kubwa na ziwa linanikingia. Maji ya mvua hayana kabonati karibu kabisa, kwahiyo kopa yote inabaki huru na inaenda moja kwa moja kwenye mashavu ya samaki. Watu wa mabwawa wana kanuni yao ya siku nyingi, unapima alkalini unagawa kwa 100, jibu ndo miligramu za mrututu kwa lita, chini ya 50 hugusi kabisa, na juu ya 250 husogei zaidi ya 2.5. Mi nilikuwa na alkalini ya nini kwenye maji ya bati? Ya sifuri na ushee.

Na hapohapo kuna mtego mwingine ambao naona kwenye magrupu ya wasapu kila wiki. Mrututu sio kopa tupu jamani! Gramu 100 za mrututu, kopa yenyewe ni gramu 25 na kidogo, zilizobaki ni salfeti na maji. Mtu anaandika "weka 2.5", mwingine anasoma ni 2.5 ya kopa, kashazidisha mara nne. Alafu kuna kopa iliyofungwa, hizi za chupa za dukani, imeshikiliwa na kemikali nyingine isidondoke wala isimuunguze samaki, hiyo lebo nyingi zinataka ifike 1.5 mpaka 2. Wakati kopa huru wale wafugaji wa samaki wa baharini wanacheza kwenye 0.15 mpaka 0.20 tu. Umeona tofauti hiyo, ni mara kumi. Kwahiyo mtu akikuuliza "we unaweka ngapi", muulize kwanza kopa gani na maji gani.

Haya turudi kwenye kidude. Sasa ivi natumia ya chupa, hii iliyofungwa, nimefunika lebo makusudi maana kuna kitu nitakisema. Chupa inasema pima kwa kifuniko, kifuniko ni mls 5. Nikachukua bomba la sindano la duka la dawa, lile la mls 10 bila ncha, nikapima kifuniko kilichojaa... mls 6.3. Vifuniko vinne ushazidisha zaidi ya mls 5 na hujui. Kifuniko tupa mbali, sindano ya famasi hela ndogo tu.

Tenki nalo. Hili fundi kaniuzia kama la lita 100, sentimita 60 kwa 40 kwa 40, hesabu yenyewe ya nje ni 96. Ila kioo kina unene, na maji hujazi mpaka mdomoni, ndani ni 58.8 kwa 38.8 na maji yamesimama 34, piga hesabu unapata lita 77 na nusu na kidogo. Nikahakikisha kwa ndoo, na ndoo yenyewe nimeipima kwanza kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu maana ndoo ya lita 20 ukiijaza pomoni inazidi 20, nikapata 78, nikachora mstari kwa maka pen hapa, mnaona? Ningeamini lita 100 za fundi nikatia dawa ya kufika 2, humu ndani ingekuwa 2.56. Hiyo imeshapita juu ya lebo, na samaki wangu kwenye tenki ndo wanajua.

Sasa tupime live. Unachota maji ya tenki mls 10 kwenye hiki kichupa, unakifuta na kitambaa kikavu, hapa msifanye mchezo, alama ya kidole kwenye kioo inabadilisha namba, na povu dogo ndani nalo vilevile. Unakiingiza kikiwa na maji matupu unabonyeza, kinasoma sifuri. Unatoa, unamwaga unga wa paketi moja, unatikisa taratibu... rangi inaanza, zambarau hivi... unarudisha kichupa kilekile, usibadilishe, unashikilia kitufe kinahesabu chenyewe kurudi nyuma. Tusubiri. Huyo jogoo wa jirani msimjali.

1.70. Safi.

Je ni ya kweli? Kiwanda chenyewe kinasema kinaweza kukosea 0.05 jumlisha asilimia 5 ya kilichosomwa, kwenye 1.70 ni kama 0.13 juu au chini. Ukilenga katikati ya 1.5 na 2 unabaki ndani hata kikikosea, ndo maana mi nalenga 1.75, sikimbilii 2. Alafu mi mbishi, nilikijaribu kivyangu, nikachukua maji yaliyosoma 1.72 nikachanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya kuongezea ya duka la spea, SIO asidi, nikapima tena kikasoma 0.85. Hapo nikakipa heshima yake.

Kabla ya hiki nilikuwa na kile cha matone na kadi ya rangi. Mchana dirishani unajitahidi, usiku kwenye taa ya nishati rangi ya 1 na ya 2 ni mapacha, wife anasema hii mi nasema ile. Na wengine vile vipimo vyao vinasoma kopa huru tu, ukiweka iliyofungwa kinakwambia hakuna kitu, unaongeza, kinasema hakuna kitu, unaongeza, unaua.

Lakini raha yake kubwa ni hii. Hujui chupa yako ina nguvu kiasi gani? Kipimo kitakwambia. Siku ya kwanza nilitia mls 10 taratibu mbele ya pampu ya hewa, nikasubiri masaa yachanganyike, ikasoma 0.58. Kwahiyo kwa tenki hili kila mls 10 ni 0.58, basi. Siku ya pili mls 10, 1.15. Siku ya tatu nyingine 10, hiyo 1.70 mliyoiona. Siku tatu samaki anazoea, hajashtuliwa. Na nikitoa ndoo moja ya lita 20 kubadilisha maji, ndoo mpya inaingia ikiwa na dawa yake tayari, karibu mls 7 na nusu. Ila maji yakipungua kwa kukauka tu, unaongeza maji MATUPU, kopa haipai na mvuke, imebaki humohumo, ukiongeza yenye dawa unapandisha. Hili peke yake limeua samaki wengi kuliko paka.

Humu ndani hamna mchanga wala mawe wala makombe, mnaona ni filta ya sponji na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Wale mnaofuga wadogo wanaokaa kwenye makombe ya konokono, najua wanapenda, ila kombe ni chokaa, linanyonya kopa, leo 1.7 kesho 1.2 unabaki unashangaa. Wape kipande cha bomba wavumilie. Konokono hai asiingie kabisa, atakufa. Na gogogo hana magamba, kopa inamchoma kuliko wengine, mi gogogo simtibu kwa kopa, nampeleka tenki lake.

Mabaya ya kidude: unga unaisha. Kila kipimo paketi moja, boksi la kuongezea lina 25, na mi napima kila siku kwa wiki mbili, na mara mbili siku za kutia dawa, piga hesabu mwenyewe, boksi halimalizi samaki wa awamu mbili. Hapa Kigoma hupati, unaagiza. Vipaketi vyenyewe vidogo na vidole vyangu hivi vya kuvutia nyavu, mbili nimeshamwaga mezani. Kama una tenki moja la sebuleni na huingizi samaki wapya, usinunue, kopa yenyewe huihitaji. Kama unapokea samaki kila mwezi, hela yake inarudi kwa duboisi wale saba tu.

Tenki la pembeni hili, lile la wiki mbili zilizopita, limemaliza siku 14, juzi nimebadilisha maji nusu nikaweka kaboni, ule mkaa wa kunyonya dawa, kwenye filta. Jana ilisoma 0.31, asubuhi hii 0.08. Nitapima tena kesho jioni kabla ya kuwahamisha, sasa hivi nawaacha maana boda wa maji kashafika anapiga honi na madumu yote matupu.