Wakili wa mikataba ya kazi kwa simu, nampa nyota 4

Jamaa yuko vizuri aisee. Nilitaka kuacha kazi hata probesheni sijamaliza, bosi kakomaa eti lazima nitoe notisi ya mwezi mzima, wakili akaomba mkataba akaenda moja kwa moja kwenye kifungu cha kipindi cha majaribio, kumbe humo notisi ni siku 7 tu, huo mwezi ni wa walioshathibitishwa kazini! Akaniambia barua iwe na tarehe ya siku yangu ya mwisho na nibaki na kopi yenye saini ya aliyeipokea, na nikitaka kusepa leo leo mkataba unaruhusu niwalipe mshahara wa hizo siku. Nyota moja nimekata kwa sababu ya meseji, unaandika asubuhi anajibu usiku, tena kwa masauti marefu balaa.